Ukoo wa Wazee Watupu

Jana usiku saa tano nilitangaza vita. Kisha nikachukua simu ya mke wangu nikajijibu, "Tupo pamoja, kamanda." Nikachukua na ile ya kijana wangu yenye kioo kilichopasuka, nikaandika, "Leo lazima watutambue." Kwa tableti ya zamani, ambayo betri yake imevimba kama andazi, nikaweka kikatuni cha kucheka. Ukiingia kwenye ukumbi wetu wa maongezi utadhani kuna harusi.

Ukweli ni kwamba Clash of Clans haiwaruhusu kuingia vitani mkiwa chini ya watano, na ukoo wetu umebaki na watu wawili: mimi hapa Karatu na jamaa mmoja aliyehamia Maskati, ambaye hucheza usiku joto likimnyima usingizi. Hao watatu wengine ni mimi tena.

Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya Wafini, kampuni ya Supercell ya Helsinki. Ilitoka Agosti 2012 kwa wenye iPhone, sisi wa Android tukaipata Oktoba 2013. Unapewa kiwanja porini, unajenga kijiji, unazungusha ukuta, unaweka mizinga, halafu unavamia vijiji vya watu usiowajua, na wao wanakuvamia wewe ukiwa umelala. Ukoo mmoja haupiti watu 50. Kupandisha daraja mzinga mmoja huchukua siku na siku, na kwangu huo ndio ulikuwa utamu wenyewe. Dereva wa safari ni mtu wa kungoja. Unangoja mgeni uwanja wa ndege, unangoja kibali getini Lodoare pa kuingilia Ngorongoro, unangoja chui ashuke mtini, unangoja bahasha ya bakshishi siku ya mwisho ukijifanya unafuta kioo. Kungoja ndiyo kazi ninayoijua. Wafini wakanipa mahali pa kungojea.

(Wenzangu wa mjini kazi hii huiita "dereva gaidi". Mama yangu alilipiga marufuku neno hilo nyumbani tangu jirani alipomvuta pembeni kumuuliza kwa sauti ya chini kama nimeshakamatwa.)

Tuliuanzisha ukoo 2014, nyuma ya gereji, simu saba zikigombea chaja mbili. Tulikuwa madereva, mafundi wawili wa Land Cruiser, mpishi wa kambi, na mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Mang'ola ambaye kwa kushambulia sijaona mfano wake. Alikuwa anakitazama kijiji cha adui kama anavyotazama gunia la vitunguu, anajua palipooza ni wapi kabla hajaligusa.

Mwaka wetu hasa ulikuwa 2020. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na hata anga ilipofunguliwa Mei 18, wageni wenyewe hawakuonekana. Magari yalilala uani chini ya maturubai. Kuku wa jirani alitaga kwenye kiti changu cha dereva na sikumfukuza, angalau gari lilikuwa na abiria. Mifuko ilikuwa mitupu, lakini ukoo ulijaa: 50 kwa 50, na foleni mlangoni. Tulipigana usiku kucha. Asubuhi tunakutana kijiweni macho mekundu, hakuna mwenye hela ya chai, tunajadili vita kama wabunge.

Halafu wageni wakarudi. Nchi nzima ikafurahi, hoteli zikapaka rangi, nami peke yangu mjini Karatu nikaanza kuhesabu hasara. Kila ndege iliyotua ilininyang'anya askari.

Na mtu haagi. Kwenye orodha kuna safu inayoonyesha askari uliowachangia wenzako mwezi huo, na hapo ndipo msiba unapoonekana. Jamaa anachangia 400. Mwezi unaofuata 35. Kisha sifuri. Kisha sifuri, na kijiji chake kinaota vichaka na uyoga kama shamba la mirathi. Mmoja nilimkuta mnadani tarehe 7, kwenye moshi wa nyama, kashika mbavu ya mbuzi. Aliponiona akaficha uso nyuma ya mbavu. "Kaka, simu yangu iliingia maji," akasema. Simu ikaita mfukoni mwake. Tukatazamana mpaka ilipokata.

Nikatafuta dawa. Kiongozi wa ukoo anaruhusiwa kugawa vyeo, na cheo cha kwanza ni Mzee. Nikaona Mwafrika gani atakimbia uzee wake? Nikawapandisha wote. Kufikia katikati ya 2022 tulikuwa 26: wazee 25 na mimi. Nilichosahau ni kwamba mzee hatumwi. Ukimwambia "shambulia namba nne", anakujibu kesho. Walipokea uzee wao, wakashukuru, wakaenda kuzeekea kwingine.

Najua si sisi tu. World of Warcraft, gemu ya 2004 ambayo watu hulipia kila mwezi, ilifikisha wanachama milioni 12 mwaka 2010. Kufikia mwisho wa Septemba 2015 walikuwa milioni 5.5, na wenye gemu wakatangaza kwamba tangu hapo hawatataja tena idadi. Hao ni watu wazima. Mimi pia kijiweni nikiulizwa tuko wangapi, husema, "Tupo." Ila wenzetu 2019 waliirudisha gemu ilivyokuwa zamani, watu wakafurika kuja kuhangaika kama walivyohangaika ujanani. Yetu imekwenda njia nyingine. Machi 2025 waliondoa hata muda wa kuandaa jeshi. Sasa unashambulia wakati wowote, hungoji askari wapikwe. Vijana wakashangilia. Na mimi niliyengoja askari wangu tangu 2014, nikiamka saa tisa usiku kuwatazama kama mtu mwenye ng'ombe anayezaa, fidia yangu iko wapi?

Gharama niliyolipia gemu hii siyo ndogo. Msimu mmoja wa Julai nilikuwa Lodoare alfajiri, ukungu umelala chini kiasi kwamba gari la mbele ni taa mbili tu. Wageni wangu wanne walikuwa wakitazama ramani ya kreta, karatasi zangu ziko dirishani, na vita yetu ilikuwa imebakiza dakika sita. Shambulio ni dakika tatu. Nikasema, hii naiwahi. Nilikuwa nimefikia nyota mbili, asilimia 87, gari likatikisika. Nikadhani ni wageni wanaingia, nikasema "Welcome back" bila kuinua kichwa. Mnyama akakohoa. Nilipogeuka, nyani dume mwenye mabega ya mbeba mizigo alikuwa amekaa kiti cha mama mmoja wa wale wageni, ameshaingilia paa nililoliacha wazi mwenyewe, anafungua boksi la tatu la chakula. Maparachichi hakuyataka. Keki alikula zote. Wale wageni walipiga picha, wakacheka, na siku ya bahasha wakakumbuka vizuri sana. Nyota ya tatu sikuipata.

Lakini lililonikera zaidi lilitokea mwezi uliopita, kwenye mteremko wa Seneto wa kushukia kreta. Pale huwa natoa hadithi yangu ya simba, nimeitoa mara nyingi kiasi kwamba gia namba mbili inaijua. Kwamba mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wang'atao walizaana kupita kiasi bondeni, wakawashambulia simba mpaka wakabaki kama kumi tu. Kwamba madume machache waliingia kutoka nje miaka iliyofuata, idadi ikapanda tena, lakini baada ya hapo damu mpya imekuwa adimu, wengi wa leo ni ukoo wa wale wachache. Hapo wageni husema "Oh!" nami naendelea na nyumbu.

Bibi mmoja Mjerumani hakusema "Oh". Aliuliza, "Kwa nini wengine hawashuki? Chakula si kipo?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ukuta wa kreta ni mita 600, lakini simba hashindwi na mlima. Madume waliomo ndio hawataki. Kijana akichungulia tu ukingoni, anafukuzwa.

"Hata wakiwa wamebaki wachache?"

"Hata hivyo, mama."

Akatikisa kichwa kuwasikitikia. Nikawaonyesha nyumbu, mapema kuliko kawaida.

Sasa, kuna dogo wa bodaboda pale stendi. Aliomba kuingia kwenye ukoo 2021. Nilikitazama kijiji chake: ukuta wa miti kama zizi la mbuzi, mizinga miwili, dhahabu imeachwa nje kama nguo. Nikamwambia aende kwanza akajenge ukuta wa maana. Kwa asiyenunua vito kwa pesa, ukuta wa maana ni kazi ya miaka. Akahamia Free Fire. "Anko, kule raundi ni dakika kumi," alinieleza kwa heshima zote. "Umekufa au umeshinda, abiria akija unafunga." Nikamwambia hiyo siyo gemu, hiyo ni ajali.

Leo asubuhi, mvua inanyesha, msimu umekufa, niko sebuleni na simu zangu, nikaona ombi. Dogo huyohuyo: "Shikamoo anko. Naomba kuingia, hakuna abiria." Nikakaa nalo kwa muda. Nikakumbuka bibi Mjerumani, nikabonyeza kukubali. Tukawa sita! Sijaandika sita tangu mwaka juzi.

Nikamkaribisha vizuri, nikaanza kumwandikia sheria. Ya kwanza, hakuna kushambulia bila ruhusa. Ya pili, omba askari kwa adabu. Ya tatu, namba moja na mbili za adui ni za wazee. Nilikuwa nazo kumi na nne, zote za tangu 2014, na nyingine zina vifungu. Nikiwa kwenye ya tisa, kifungu (b), likatokea andishi dogo: dogo ameondoka.

"Umemfukuza mtoto wa watu?" Sauti ya mke wangu, kutoka jikoni. Alikuwa anasoma yote kwenye simu yake.

"Nimempa sheria tu, mama Neema."

Kimya. Sufuria ikafunikwa.

"Na mimi hapa nimeandikwa Mzee. Mzee tangu lini?"

Nikamweleza kwamba ni heshima, kwamba wapo waliongoja cheo hicho miaka mingi. Hakujibu. Andishi dogo lingine likatokea kwenye kioo changu.

Tumebaki wanne, watatu wakiwa mimi. Nimemwandikia jamaa wa Maskati kumuuliza kama nyumbani kwake hakuna simu ya zamani.