Kobe, Fuko na Jiwe Lililorudi

Kobe alikuwa mwalimu katika vilima vya Masisi, na laptopu yake aliibeba chini ya gamba. Aliinunua kwa Fisi, mjini Goma, ikiwa imekwisha kuchoshwa na watu wa mbali. Betri ilikuwa imekufa. Ukichomoa waya, kioo kinazimika papo hapo. Kitufe cha herufi A kiling'oka, na jaribu kuandika Kiswahili bila A! Kobe akabandika punje ya hindi mahali pake, akawa anaibonyeza kwa ukucha. Feni ilikoroma kwa vumbi la mabanda walimolala, maana kila milio ya bunduki ilipokaribia, kijiji kilihama, na laptopu ikahama nacho. Madaftari yaliloa, mengine yakawashiwa moto wa kupikia. Majina ya wanafunzi na alama zao yalibaki ndani ya mashine ile tu.

Ndipo Kasuku akaleta habari: tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena matunzo ya kawaida kutoka kwa walioiunda.

"Mwalimu, tupa hiyo, nunua mpya," akasema. Nyuma yake Fisi alikuwa amekwisha simama, bei i mdomoni.

Wiki hiyohiyo tundu la chaji likalegea. Kobe akashika njia ya Walikale, kwa fundi Ngedere.

Kibandani alimkuta Fuko, mzee wa machimbo. Ujana wake Fuko aliumalizia Bisie, akibeba magunia ya kilo 50 ya kasiterite kupitia msituni hadi Njingala. Kutoka hapo yalipelekwa Kilambo, ambako ndege zilikuja kuyachukua, zikitua juu ya barabara yenyewe. Baadaye alipanda Masisi, akachimba koltani Rubaya. Huku na kule mnunuzi alikuwa Fisi, na mzani ulikuwa wa Fisi.

"Karibu, Mwalimu. Umeleta mgonjwa?"

"Nimemleta, mzee wangu. Kasuku anasema amezeeka, nimtupe. Lakini akifa, darasa zima limepotea."

Ngedere alifungua skrubu, akafuta vumbi kwa brashi, akainamisha uso. Chini ya tundu la chaji lehemu ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele ukizunguka kipini kimoja. Akapasha chuma, akakigusisha na waya wa lehemu. Moshi ukapanda, tone jeupe likayeyuka, likang'aa, likaganda.

Fuko, ambaye macho yake hayaoni mbali na pua, akanusa. "Hicho nini?"

"Bati, mzee. Ndiyo kasiterite yako ikishayeyushwa. Waya huu umetoka ng'ambo, nimeununua kwa Fisi." Ngedere akamshika mkono, akamgusisha punje ndogo ya manjano kwenye ubao wa mashine. "Na hii ni kapasita. Ndani yake mna tantali, inayotoka kwenye koltani. Inatuliza umeme usiyumbe."

Fuko hakuondoa kidole. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia jiwe linakwenda wapi. Mimi ninayesimulia, hapo ndipo moyo wangu unaponiuma kuliko kwenye mzani wa Fisi: aliyelichimba hakuonyeshwa, na lilipomrudia limechakaa, ikasemwa litupwe.

"Nani amesema limezeeka?" Fuko akauliza. "Lilikuwa chini ya mlima kabla ya babu zetu."

"Halijazeeka," Ngedere akajibu. "Kuna mfumo wa bure, Linux, mwepesi kwa mashine kongwe. Nitauweka. Lakini kwanza tunakili majina kwenye flashi, jua lisije likatukimbia."

Wakaunganisha waya wa sola. Wingu lilikuwa linashuka upande wa msitu. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi, kisha kikapambazuka polepole, na orodha ikafunguka. Fuko akasogeza pua hadi ikagusa kioo.

"Mjukuu wangu alisoma kwako kabla hatujakimbia. Yumo?"

Kobe akashuka na orodha, mstari kwa mstari, kwa ukucha.

"Yumo, mzee. Namba 31."

"Nisomee na alama zake."