Kish, Nenda Urudi

Viza ya matembezi ya Dubai ni ya siku 30 au 60, na katika siku hizo mgeni anatarajiwa kutembea. Apande lifti ya Burj Khalifa, anunue udi, aage, aende zake. Lakini pita mtaa wa Deira, humohumo Dubai, asubuhi uwaone watalii wetu: tai shingoni, bahasha ya vyeti kwapani, mlango hadi mlango wakiomba kazi. Utalii wa namna hii unachosha kuliko ajira yenyewe.

Viza ikikaribia kuisha, wapo wanaorushwa hadi Kish, kisiwa cha Iran kisichowadai wageni wengi viza. Ndege haimalizi saa nzima angani. Hapo husubiriwa viza mpya, na wakala aliyeapa kuwa ni suala la siku mbili sasa hapokei simu. Bahari ya Kish nzuri, wanasema. Nani ana muda wa kuitazama?

Viza ikitoka, wanarudi uwanja uleule, wanapigwa picha macho yaleyale, na dola inaridhika kwamba aliyeondoka juzi ni mgeni mpya kabisa. Kilichobadilika ni mfuko wake tu. Shirika la ndege limekula, hoteli imekula, wakala (huyu hakosi) amekula mara mbili.

Anayekaidi kutoka hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa siku. Basi, dada yangu unayeambiwa "nenda na ya matembezi, ya kazi utabadilishiwa hukohuko", muulize huyo wakala kwanza: tiketi ya Kish analipa nani?