Mwongozo wa Kupima Maji ya Pwani kwa Mtaalamu Anayeishi Kampala

Hatua ya kwanza ni kupata pwani. Hapo ndipo wataalamu wengi wa Kampala hukwama, maana bahari ya karibu ni ile ya Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na hakuna mvuvi wa Ggaba aliyewahi kunasa wavu kwenye tumbawe. Usivunjike moyo. Fedha za utafiti siku hizi ziko kwenye uchumi wa buluu na mabadiliko ya tabianchi, na matangazo ya zabuni hayasemi popote kwamba mwombaji awe anajua kuogelea. Sisi tunalo Nalubaale, ambalo ramani zinaliita Ziwa Victoria. Lina mawimbi, lina sangara, lina hoteli za ufukweni kuanzia Munyonyo mpaka Entebbe, na soda kwenye hoteli hizo ina bei ya pwani kabisa. Linachokosa ni chumvi tu. Mfadhili aking'ang'ania chumvi, mpeleke Katwe, kwenye lile ziwa la Kasese lililokaa ndani ya kreta ya volkeno, ambako watu wamevuna chumvi vizazi kwa vizazi. Ila mwelekeze dereva vizuri, kwa sababu akikupeleka Katwe ya Kampala utarudi na geti na sigiri mbili.

Hata hivyo Katwe hiyo ya mafundi usiidharau. Ndiko utakakokatiwa vyuma vyako vya kupimia ukinzani wa umeme ardhini: vinne, vyenye ncha, virefu vya kutosha kushika ardhi. Nadharia ni nyepesi. Vyuma viwili vya nje vinapeleka umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima volti, na kwa kujua umbali kati yao unapiga hesabu ya ukinzani wa udongo na mwamba ulio chini. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza kujaribu mambo haya mwaka 1912, na Mmarekani Frank Wenner hakukawia kumfuata kwa mpangilio wake wa vyuma vinne vilivyoachana sawasawa. Zingatia kwamba kampuni aliyoianzisha Schlumberger na nduguye Marcel ilitajirikia kwenye mafuta. Wewe umechagua maji. Familia yako ifahamishwe mapema.

Kisha tafuta mstari ulionyooka. Kitabuni mstari ni jambo la kawaida: mita 200 za uwanda mtupu, nyasi fupi, mbuzi mmoja kwa mbali. Kampala mita 200 zilizonyooka zinapita kwenye kuta tatu, kanisa moja, banda la chapati na sebule ya mtu. Kwa upande mwingine mstari hauwezi kupunguzwa ovyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kile unachokisoma hutoka kwenye kina cha takriban moja ya tano ya urefu wake. Mita 200 za waya zinakupa macho ya mita 40 hivi kwenda chini. Mita 30 za uani kwa mteja wako zinakupa mita sita, kina ambacho mchimba choo angekueleza bure. Wapo wanaoutamani uwanja wa Kololo, palipopandishwa bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, kwa kuwa ni mrefu na hauna nyumba katikati. Ukithubutu, askari wa langoni atataka kujua waya wote huo ni wa kazi gani. Mjibu kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha lugha hii kuwa rasmi mwezi Julai 2022, lakini jeshini haikuwahi kungoja idhini, na maneno "Afande, tunatafuta maji" yanatuliza kuliko maelezo yoyote ya kisayansi utakayotoa kwa Kiingereza.

Maramu iliyofunika vilele vya vilima vyetu ikikauka, umeme hukataa kuingia. Mwagia kila chuma maji ya chumvi. Watu watakusanyika, na mmoja wao atanong'ona kwamba hayo ni mambo ya kiganga. Usiwe mwepesi wa kukanusha, kwa sababu mganga hulipwa kabla ya matokeo. Jihadhari tu na bomba la chuma lililozikwa chini ya mstari wako, ambalo litakupa ukinzani mdogo wa kupendeza mno. Ukichimba hapo utapata maji mengi, yenye dawa ya klorini, pamoja na barua kutoka shirika la maji.

Sasa namba. Maji ya bahari yana ukinzani wa omu-mita 0.2 hivi. Maji mazuri ya kisima huwa baina ya 10 na 100. Graniti isiyo na ufa inapanda hadi maelfu. Mpaka hapo mambo ni matamu, mpaka ukumbuke kwamba wewe hupimi maji. Unapima maji pamoja na jiwe, udongo, uwazi wa mwamba na chochote kingine kilichojificha humo. Mwaka 1942 Gus Archie, naye mtu wa mafuta, alitoa kanuni ya kuunganisha ukinzani wa mwamba na ule wa maji yaliyomo, lakini kanuni hiyo imetengenezewa mchanga safi. Ukiipeleka penye mfinyanzi inaanza kudanganya, na mabonde ya Kampala, yale ya mafunjo na magimbi, yamejaa mfinyanzi. Kwa hiyo kipimo cha omu-mita 5 pale Paje, Unguja, kinaweza kumaanisha jiwe la matumbawe lililojaa maji ya bahari. Kipimo hicho hicho bondeni Kampala kinaweza kumaanisha udongo wa kufinyangia vyungu, ambao una maji tele na hautakupa hata kikombe. Mashine haikukosea mahali popote. Imeulizwa habari za umeme, ikajibu habari za umeme.

Mazungumzo na mteja, kwa hiyo, yafanyiwe mazoezi nyumbani.

"Injinia, maji yapo au hayapo?"

"Hajji, hapa kuna ukanda wa ukinzani mdogo."

"Ndiyo maji?"

"Ni ukanda wa ukinzani mdogo, Hajji."

Hajji ataridhika, kwa sababu umelitaja kwa sauti nzito jambo ambalo halijui. Asiporidhika mwoneshe picha. Vyombo vya kisasa havina vyuma vinne tu. Vina kebo ndefu yenye vyuma 48 au 72 vinavyopokezana kazi vyenyewe, na programu ya kompyuta inageuza vipimo kuwa picha ya ardhi iliyokatwa wima, yenye rangi kama kanga mpya. Kwa desturi ukinzani mdogo hupakwa buluu na ukinzani mkubwa nyekundu. Hapa pana zawadi kubwa kwa taaluma yetu. Mteja yeyote duniani akiona buluu anaona maji. Pwani buluu iliyokolea ni bahari iliyopenya chini ya shamba lake, kitu anachopaswa kukikimbia. Kampala mara nyingi ni mfinyanzi. Yale anayoyataka hasa, yaani maji baridi ndani ya mwamba uliolika au wenye nyufa, hukaa kwenye kijani na manjano, rangi ambazo hakuna anayezishangilia. Unaweza kumweleza. Unaweza pia kuacha.

Siku mfadhili atakapokupeleka pwani yenyewe, panga safari kwa kalenda ya mwezi, maana huko ardhi inabadilika mara mbili kwa siku. Mstari uliopimwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa hautafanana na uliopimwa yakijaa, na wakati wa bamvua tofauti ni kubwa zaidi. Mvuvi yeyote wa Jambiani atakueleza saa. Ni lazima umwulize, ingawa jina lake halitatokea kwenye ripoti.

Kisha ujifunze hesabu ambayo Mholanzi Badon Ghijben aliitoa kabla karne ya 19 haijaisha, na Mjerumani Herzberg akaifikia peke yake mwaka 1901. Maji ya mvua yaliyozama kwenye kisiwa cha matumbawe huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita zipatazo 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ni utajiri wa ajabu, na wenye hoteli huusoma hivyo. Hesabu ile ile isomwe kinyumenyume: pampu ikishusha maji mita moja, chumvi ina haki ya kupanda mita 40. Upimaji wa ukinzani ndio unaoweza kuonesha mpaka huo bila kuchimba, kwa sababu jiwe lenye maji baridi na jiwe lenye chumvi hutofautiana mara kumi na zaidi. Hapo, lazima nikiri, kifaa chetu kinastahili heshima zake zote. Tatizo ni kwamba picha huletwa kwa kawaida baada ya bwawa la kuogelea kukamilika.

Matumbawe yenyewe yanaingiaje? Kwa njia ya choo. Jiwe la matumbawe lina matundu, na maji hayasimami ndani yake. Yanatembea kwenda baharini na kutokea chini ya mchanga, karibu na miamba iliyo hai. Karo lililochimbwa kwenye jiwe hilo halijai upesi, jambo ambalo mwenye nyumba hulisifia. Halijai kwa sababu yaliyomo yameshasafiri. Naitrojeni na fosforasi zikifika kwenye matumbawe hulisha mwani, na mwani hufunika matumbawe. Kisiwani Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ambako hifadhi ya matumbawe ilitangazwa mwaka 1994, wageni hutumia maji ya mvua yaliyovunwa paani na vyoo vyao hugeuza kinyesi kuwa mboji bila kutumia maji. Usiwataje sana kwenye andiko la mradi. Mahali pasipo kisima wala karo hapana kazi kwa mpimaji.

Ukirudi Kampala usijisikie mgeni. Hapa nasi tuna vilima vyenye maramu yenye matundu, tuna vyoo vya shimo kwenye miteremko, na tuna chemchemi zilizojengewa saruji kule chini, ambako watoto hupanga vidumu vya manjano tangu alfajiri. Chemchemi za jiji hili zimepimwa mara nyingi, na mara nyingi zimekutwa na vijidudu vya kinyesi. Kifaa chako hakitakwambia hilo. Maji yaliyopita chooni huwa na chumvichumvi zaidi, hivyo ukinzani wake hushuka kidogo, na kwenye picha eneo lile litapendeza, buluu ya kutia matumaini. Anayetaka kujua kama yananyweka apeleke chupa maabara. Upimaji huo ni nafuu kuliko wako, hivyo hakuna haja ya kuutaja kabla hujaulizwa.

Siku ya mtambo wa kuchimba, utagundua kwamba mahali ulipopendekeza hapafikiki kwa lori. Dereva atachagua mahali pengine, mita 15 hivi kando, penye kivuli. Mzee wa jirani naye atakuwa ameshasema tangu asubuhi kwamba maji yako karibu na kile kichuguu, na usimcheke, kwa sababu ameishi hapo tangu kabla chuo chako hakijakupa shahada na kisima chake hakijawahi kukauka. Uganda kuna mikataba ya "hakuna maji, hakuna malipo", iliyobuniwa ili mchimbaji abebe hatari. Mchimbaji ni mwanadamu, naye huenda kule anakojua kuna maji hata kama watu wa kule wana visima tayari, au huyahesabu matone kuwa kisima chenye mafanikio. Pampu ya mkono ya U3 itafungwa, mwenyekiti wa kijiji (LC1) atakata utepe, na kufika kiangazi wanawake watapiga mpini mpaka wachoke.

Ripoti iwe nene. Anza na jiolojia ya Uganda tangu dunia ilipopoa, weka picha kumi za rangi, na hakikisha umefuta neno "Mombasa" kwenye kurasa ulizonakili kutoka ripoti iliyopita. Kuna shule moja ya Wakiso ambayo kwa maandishi imejengwa juu ya matumbawe. Ankara yako itangulie mtambo kwa wiki moja walau. Kwenye nafasi ya maelezo andika "upimaji wa ukinzani", usiandike "kutafuta maji". Ukinzani umeupata, na ushahidi wake ni wa rangi.