Jinsi ya Kumpunja Ndugu Yako kwa Leza

Desemba imefika, mabasi ya kutoka Dar yamejaa, na wewe unapanda Old Moshi na begi, suti ya Krismasi na hamu ya kuongeza kihamba, shamba la ukoo. Mzee hayupo tena. Mama amesema mgawane kabla ya mwaka mpya. Zamani mtu aliiba mpaka usiku wa manane: anang'oa sale, mmea wa mpaka, analichomeka hatua moja ng'ambo, anarudi na matope hadi magotini. Siku hizi tumestaarabika. Tunaiba mchana, mbele ya mashahidi, kwa betri mbili ndogo. Nifuate.

1. Njoo na kifaa ambacho hakuna anayekijua.
Futi kamba achana nayo. Kila mtu anaisoma, na ina ncha ya pili ambayo kaka yako ataing'ang'ania. Leza haina ncha ya pili. Ukiulizwa inafanyaje kazi, sema kweli, maana hapa ukweli ni mshirika wako: inatupa mwanga, mwanga unagonga kitu na kurudi, mashine inapiga hesabu. Ongeza kwamba mwanga hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde, na kwamba tangu 1983 mita yenyewe imefungwa kwenye mwendo huo. Taja tarakimu zote tisa, polepole. Meku, mzee wa ukoo, atatikisa kichwa, na akishatikisa hawezi tena kuuliza swali.

2. Soma milimita kwa sauti.
"Mita kumi na tisa, sentimita themanini na saba, milimita nne!" Anayehesabu milimita hashukiwi kuiba mita. Tena hutadanganya: kifaa kizuri hukosea kama milimita mbili tu. Makosa mengine yote yatakuwa ya kwako, na hayo hayaonekani kwenye kioo.

3. Kijue kile kitufe kidogo cha pembeni.
Vifaa vingi huhesabu kuanzia kitakoni. Ukibonyeza kitufe, vinahesabu kuanzia mdomoni. Egemeza kitako kwenye sale, hesabu kuanzia mdomoni, na urefu wa kifaa chenyewe, sentimita 12 hivi, umemezwa. Ukitangaza mita 20, umechukua 20 na kiganja. Kiganja hicho kinatosha kuchomeka mstari mzima wa masale mapya, kwa hiyo uwe umekata matawi mapema. Angalizo: kitone chekundu kisiangukie jani la mgomba. Upepo ukivuma kidogo, kioo kinasoma 14.062, mara 8.213, mara tena 14.061, na watoto wanaanza kucheka. Mpe mmoja wao kipande cha boksi akishike mwishoni, atajiona mhandisi na atanyamaza.

4. Tumia mteremko, ndio urithi wa kweli.
Hapa ndipo penye nyama. Kihamba cha Kidia, huku Old Moshi, hakikulala, kimeegemea mlima. Ramani hupima ardhi kama imelala, miguu huipima ilivyo. Kwa hiyo fungu la kaka lipime kwa kufuata mgongo wa mteremko: mita 50. Fungu lako lipime kwa mlalo: mita 50 vilevile. Maneno sawa, haki sawa, mashahidi wameridhika. Ila kwenye mteremko wa nyuzi 25, mita 50 za mlalo ni mita 55 za kukanyaga. Tano zimeingia kwako bila jasho. Onyo moja tu: asiitwe mpima ardhi mwenye leseni. Atakuja na kile chombo cha miguu mitatu, atasawazisha kiputo kwanza, na chombo kitageuza mteremko kuwa mlalo chenyewe, kwa wote wawili. Hakina undugu.

5. Simu ni ya akiba.
Kaka akitaka kuhakiki, usikasirike. Fungua programu ya kupima eneo, zunguka kihamba na simu mkononi, uso umeuinua juu kama unayesikiliza. Inasikiliza setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 angani, lakini hata penye uwazi hukosea mita kadhaa, na chini ya migomba na migrevilea inabahatisha tu. Zunguka mara tatu, utapata majibu matatu. Chagua moja.

6. Ukibanwa, itaje Kibo.
Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipanda kilele hicho cha Kilimanjaro akaupa mlima karibu mita 6,010. Waingereza walipoupima mwaka 1952 wakapata 5,895, ndizo tulizokariri shuleni. Mwaka 1999 wataalamu wakapanda na GPS, wakashuka na 5,892.55. Sasa muulize kaka: ikiwa Kibo imepungua zaidi ya mita mia moja kwenye karatasi na hakuna aliyekwenda barazani, yeye analilia migomba mitatu?

7. Mama asisogee karibu.
Yeye hana kifaa. Atakwenda moja kwa moja kwenye sale na kulishika shina. Sale la zamani ni nene kama mkono, rangi ya majivu, limejaa makovu ya majani yaliyodondoka. La juzi ni la kijani na linacheza ukilitikisa. Leza inajua sale liko umbali gani. Mama anajua lilichomekwa lini. Akilitikisa mara moja na kukutazama, zima kifaa. Kata jani la sale, mpelekee kaka kwa mikono miwili, uombe radhi. Kwa Wachaga, sale hilohilo la mpaka ndilo la msamaha, na si rahisi mtu kulikataa.

8. Kama hukukamatwa, pole.
Mimi sikukamatwa. Mwaka juzi mama alikuwa kitandani, nikafika hatua ya sita bila kuguswa. Nilipata mita tano, zina migomba kumi na mmoja, na yote imezaa vizuri. Kaka alisaini, akanikunjia karatasi, akaniambia, "Hongera, bwana mdogo." Krismasi iliyopita pombe ya mbege ilipikwa kwake. Jioni ilipoingia, kitone kilionekana vizuri, nikakilenga ukutani kwake. Kutoka mlango wangu hadi wake ni mita 31.406. Nimerudia mara tatu, haibadiliki. Kata ya mbege haijafika.