Papa Ufunguo Anajibu: Kompyuta Imenikatalia Mlango

*Papa Ufunguo, kompyuta yetu ya nyumbani inakataa neno langu la siri. Jumamosi ilikubali. Umeme ukakatika, ukarudi, na tangu hapo inakataa. Bibi anasema nimesahau. Sijasahau. — Baba wa Mapasa, Manika*

Baba wa Mapasa, pole kwa kompyuta na hongera kwa mapasa. Kabla sijakujibu, wasomaji wapya wana haki ya kujua umemwandikia nani. Mimi ndiye yule mpiga chapa aliyekuwa akipiga mashine ya Kibelgiji macho yamefumbwa, mgongo umenyooka, tai haijalegea, enzi zile barua ya kampuni ilikuwa barua kweli. Mkurugenzi mmoja, simtaji kwa kuwa ana wajukuu, alikuwa akileta wageni waje kunitazama. Wakishaniona, hawakuona tena haja ya kwenda kuliona shimo la mgodi. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema kwa sababu dawa ya ugonjwa wako imo katika vidole hivi, na vidole hivi havikopeshwi.

Haya. Je, umejaribu kuiamkia kwa Kifaransa? Usicheke. Oga, vaa koti la Jumapili, kaa mbele yake kwa heshima, sema «Bonjour», halafu subiri. Haitafunguka. Lakini sasa umevaa vizuri, na mtu aliyevaa vizuri hatukani vitu vya nyumbani mbele ya watoto. Ukiwa umetulia hivyo, tazama pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia. Kuna herufi tatu ndogo. Zinasema FRA au zinasema ENG?

Nangoja.

ENG! Nilijua tangu nilipofungua bahasha. Mwambie bibi kwamba Papa Ufunguo amekusafishia jina.

Sisi wa Kongo tulirithi mengi kwa Wabelgiji, na mojawapo ni kibodi inayoanza na A, Z, E, R, T, Y. Wenzetu wa Zambia, hapo tu ukishavuka Kasumbalesa, walirithi kwa Waingereza ile ya Q, W, E, R, T, Y. Watu wanadhani mpaka ule uko kwenye forodha. Uko pia ndani ya kompyuta yako, na hauna hata afisa wa kuzungumza naye. Vitufe vyako vimechorwa kwa mtindo wa Kifaransa, lakini skrini ya kuingilia imeamka ikifuata mtindo wa Kiingereza. Unagonga A, inasikia Q. Unagonga Z, inasikia W. Unagonga M, inaweka nukta-mkato. Tarakimu, ambazo sisi tunazipata kwa kushikilia kitufe cha Maj, kwake zinageuka mabano na alama za mshangao. Nawe huoni kitu, unaona vinukta vyeusi tu, vyote vinafanana.

Jaribu kuandika jina la mji wetu, Kolwezi, katika hali hiyo. Utapata Kolzewi. Andika Lualaba, utapata Luqlqbq, ambalo hata daktari wa koo hawezi kulitamka.

Sasa nitakisia neno lako la siri. Mwanamume, mkazi wa Manika, baba wa mapasa: ni Mazembe2010. Usikatae, nakuona. Ni kweli mwaka ule ulikuwa mwaka: Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Abu Dhabi, na kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani hadi dunia nzima ikauliza Lubumbashi iko wapi. Inter walitufunga tatu kwa sifuri, lakini hayo hayaandikwi kwenye neno la siri. Tatizo ni kwamba jirani yako naye ametumia hilohilo. Na unajua kompyuta ilikuwa ikisoma nini kila ulipoligonga? Ilisoma :qwe;be@)!) na, kusema kweli kama mtaalamu, hilo ni neno la siri zuri kuliko lako.

Tiba: shika kitufe cha Windows, gonga nafasi, zile herufi tatu zitageuka kuwa FRA. Au zibonyeze zenyewe, zitakuletea orodha. Ukiwa na shaka, andika herufi chache, kisha bonyeza kile kijicho kilicho mwishoni mwa kisanduku, utaona ulichoandika kwa macho yako. Watoto wageuke ukutani kwanza. Tazama pia taa ya Verr. Maj.; kwenye kibodi ya Kifaransa kitufe hicho hukuza herufi na wakati huohuo hufungulia tarakimu, ndiyo maana wahasibu wanakiacha kimewaka wakidhani wamegundua siri.

Najua utauliza: kwa nini baada ya umeme? Watu wa mtaa wako watasema ni umeme uliorudi na nguvu mbaya. Umeme hauna lugha, ndugu yangu. Nyaya za bwawa la Inga zilikamilika 1982, zinatembea kilomita kama 1,700 mpaka hapa Kolwezi, zinapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja, na katika safari yote hiyo hazijawahi kugeuza A kuwa Q. Kilichotokea ni kwamba siku zote ulikuwa unailaza kompyuta bila kuizima. Ilipozimika kweli, ikaanzia mwanzo kabisa, kwenye skrini ya kukaribisha, na skrini hiyo ina mipangilio yake yenyewe, tofauti na ile uliyopanga ukiwa ndani. Ukishaingia, nenda kwenye Région, ukurasa wa Administration, bonyeza «Copier les paramètres», tia alama kwenye Écran de bienvenue. Halafu uizime na kuiwasha mbele ya bibi. Bado umevaa koti? Ndiyo maana nilikuvalisha.

*Papa, yangu inasema FRA na bado inakataa. Neno langu lina alama ya @. — Mwalimu, Dilala*

Mwalimu, kompyuta hiyo ni ya okazioni, imetoka Ubelgiji. Usiniulize nimejuaje, waliokuwa wakiniuliza hivyo wamestaafu. Mbelgiji na Mfaransa wote wanaanza na AZERTY, wanasalimiana vizuri, mpaka ufike kwenye alama. Mfaransa anaweka @ kwenye sifuri, pamoja na Alt Gr. Mbelgiji anaiweka kwenye mbili. Alama ya mshangao Mbelgiji anaiweka kwenye nane, Mfaransa kaificha mwisho wa mstari wa chini, kulia. Mimi nimezipiga zote mbili, mkono huu na mkono huu, na hazikuwahi kuniangusha. Wewe bonyeza kialama cha watu wenye mahitaji maalumu hapo chini ya skrini, fungua kibodi ya skrini, kisha bonyeza Alt Gr yake: alama zitajionyesha zilipo, na utazigonga kwa kipanya. Njia hiyohiyo inamfaa mtu ambaye kitufe chake kimekufa kwa vumbi la malori, yaani kila mtu wa hapa kuanzia Juni hadi Septemba.

*Papa, mimi nimesahau kweli. Na fundi wa sokoni anasema tufomati. — Mkweli, Kasulo*

Mkweli, ukweli wako umenigusa, kwa hiyo nitaanza na habari ya betri. Betri ya kompyuta yako ya mkononi ina kobalti. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kubeba umeme wa betri nyepesi. Sony wakaipeleka dukani 1991. Mzee akapata Tuzo ya Nobel 2019. Nayo kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, hasa huku kwetu, na ninyi wa Kasulo ndio mlioanza kuchimba ndani ya nyua zenu 2014. Fikiri basi: jiwe limetoka uani kwa jirani yako, limezunguka China, limerudi likiwa kompyuta, na sasa linaona mtaa wake. Nani hurudi nyumbani akataka kufanya kazi? Tuzo ile, kwa haki, ingegawanywa na Kolwezi, na mimi ningekwenda Stockholm kuipokea. Suti ninayo.

Ulikuwa umeuliza nini? Fundi. Usimruhusu afomati, picha za harusi zitaondoka na hazitarudi kwa maombi. Kama uliifungua kwa akaunti ya Microsoft, badilisha neno la siri kwa simu yako, kwenye tovuti yao, halafu iunganishe kompyuta na intaneti uingie. Kama ni akaunti ya humohumo ndani, kosea mara moja kwa makusudi: yatatokea maandishi ya kuweka neno jipya, ikiwa uliwahi kujibu yale maswali ya usalama. Hukuyajibu? Basi fundi achomoe diski, asome faili zako kwenye kompyuta nyingine, azinakili, ndipo afanye anachotaka. Isipokuwa diski iwe imefungwa kwa BitLocker. Hapo unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ileile ya Microsoft. Fundi akikuambia anazijua tarakimu hizo kwa kichwa, shika kompyuta yako, tembea taratibu, usigeuke nyuma.

Nafasi imeisha na bukari imeiva. Dada wa Luilu, printa: izime, iwashe. Nilishamjibu baba yako hivyohivyo.