Mambo ni Hapo Tu

Konda alikuwa mchangamfu mpaka alipouliza tunashukia wapi. Nikamwambia Mombo, halafu kutoka hapo tutapanda Lushoto kwa hizo baiskeli mbili alizozibana kwenye buti kati ya gunia la nazi na friji ya mtu. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akainama na kuninong'oneza abiria wengine wasisikie: "Kaka, basi linafika mpaka Lushoto. Kama nauli imepungua, sema tuelewane."

Ningemsikiliza yule konda, leo ningekuwa na magoti mawili yanayokunjika.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la swahiba wangu ambaye hapa nitamwita Ramani, kwa sababu hakuna swali la dunia hii asilolijibu kwa kuchungulia simu. Alikuwa amepanga siku nne kwenye Usambara ya Magharibi: Mombo, Lushoto, Lukozi, Mambo na Mtae, tukiwa tumefunga hema, jiko na nguo kwenye baiskeli zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na tairi nene za kupita changarawe. "Siku ya kwanza ni kilomita 33 tu," aliniambia. "Tena lami."

Mimi Jumapili huwa naendesha kutoka Mikocheni hadi Kunduchi na kurudi, nakunywa soda, napiga picha. Hizo 33 nikaziona za watoto. Sikuuliza zinaelekea wapi. Zinaelekea juu. Mombo iko bondeni, kwenye joto na mikonge. Lushoto iko takriban mita 1,000 juu yake. Barabara imejinyonga ubavuni mwa mlima, huku jabali, huku korongo, na kila ukimaliza kona unaiona kona nyingine juu ya kichwa chako, na ndani yake Hiace imejaa watu wanaokupungia mkono.

Baada ya saa moja nilianza kupunguza mzigo. Nikala ndizi zote. Nikanywa maji yote. Kabla ya Soni nikampa mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda damu mchele wetu, kilo mbili. Akadhani ni sadaka, akaniombea dua ndefu. Kusema kweli, mimi nilihitaji dua kuliko yeye alivyohitaji mchele.

Lushoto tuliingia giza limeshatanda, tukasahau habari za hema, tukachukua chumba gesti. Wajerumani walipoutawala mji huu waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walikuwa wakipanda huku kukimbia joto la pwani na kupumzika. Sisi ndio wa kwanza, nadhani, kuja kutafuta uchovu.

Siku ya pili ilitupeleka Magamba, na hapo lami ikatuaga. Msitu ule ni mzuri, sikatai. Mbega walikuwa juu ya miti na yale majoho yao meusi yenye shingo nyeupe, wamekaa kama jopo la majaji, na mmoja alinitazama nikisukuma baiskeli kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mgeni. Lakini ilikuwa Novemba, na mvua ya vuli ikafika kabla ya chakula cha mchana. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa haukuchafui tu, unakushika. Kwanza unajaza nafasi kati ya tairi na uma. Kisha gurudumu linaacha kuzunguka, linaburuzwa. Unatafuta kijiti, unakwangua, unatembea hatua kumi, unakwangua tena. Mimi nilikuwa na kijiti kizuri sana, kigumu, chenye ncha. Ramani alikiazima akakivunja, na nusu saa nzima hatukusemeshana.

Nilipopanda tena na kukanyaga kwa hasira, nikasikia *kach*. Kile kichuma cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia kilikuwa kinaning'inia kama jino la mtoto.

Fundi tulimpata Lukozi, chini ya paa la bati, kati ya magunia ya karoti na kabichi yanayosubiri malori ya Dar. Alikuwa na nyundo, msumari, bisibisi na kopo la gololi. Akaigeuza baiskeli kichwa chini, akahesabu gia zangu kwa sauti, akaacha kabla hajamaliza. "Zote hizi za nini? Mtu si ana miguu miwili?" Akaigonga cheni kwa ule msumari, akaipunguza, akaifunga moja kwa moja kwenye gia ya kati, na zile sehemu zilizobaki akanikabidhi zimefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Shilingi 3,000. Nilitaka kubisha, lakini baiskeli ilikwenda vizuri kuliko asubuhi.

Siku ya tatu ilikuwa ya kijiji cha Mambo. Ndiyo, kinaitwa hivyo, na waliokipa jina hawakumfikiria mtu atakayefika njia panda hana pumzi. Nilisimama mbele ya vijana watatu wa bodaboda. Nilikusudia kusema, "Samahani ndugu zangu, naomba kuelekezwa njia ya Mambo." Kifua kiliruhusu neno moja.

"Mambo?"

"Poa!" wakaitika kwa pamoja.

"Hapana... Mambo?"

"Poa, kaka. Za safari?"

Nikanyoosha kidole kulia, nikanyoosha kushoto. "Mambo!" Mmoja akamgeukia mwenzake: "Huyu kalewa. Saa nne hii!"

Ramani, aliyefika akisukuma na kwa hiyo ana pumzi, ndiye aliyetuokoa. Wakacheka hadi mmoja akashuka kwenye pikipiki. "Aaa, Mambo! Mambo ni hapo tu."

Ile "hapo tu" ilituchukua saa tatu. Mtu aliyejifunza kutembea kwenye mteremko, popote atakapofika kabla ya magharibi ni hapo tu.

Katikati ya hizo saa tatu tulikutana na mzee anashuka na Phoenix ya zamani, nyuma kafunga magunia mawili ya karoti. Raba za breki zilishakwisha. Alikuwa anasimamisha kwa kukandamiza soli ya katambuga kwenye tairi. Moshi kidogo ulitoka, akasimama pale alipotaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Baiskeli nzuri hizo. Bei gani?"

Nikamtajia robo ya bei niliyonunulia, kwa aibu. Akashika kichwa. Akaizunguka ile baiskeli mara moja, akainama nyuma, akanitazama usoni.

"Na keria haina?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Usiku tulipiga hema karibu na ukingo wa Mambo, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mkomazi kuanza chini kabisa. Siku ikiwa safi, wanasema, Kilimanjaro huonekana. Sisi tuliona ukungu, na baadaye hatukuuona hata huo, kwa sababu upepo uliliangusha hema juu yetu saa nane usiku na Ramani akawa anaulizia kwenye simu namna ya kulisimamisha. Mtandao haukuwapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mombo kumsikia akisema hajui, na baridi ile ikanipungua kidogo.

Mtae hatukufika. Siku ya nne tulirudi mpaka Lukozi, na kutoka hapo tulishuka Mombo juu ya lori, tumelala juu ya kabichi. Utingo alitutoza nauli ya watu wawili na magunia mawili. Baiskeli ndizo magunia.

Sasa Ramani ameshaanza kuniandikia habari za Uluguru. Anasema ni kilomita 60 tu.

Kwa hiyo, msomaji, baiskeli yangu inauzwa. Haijatumika sana: siku nne, na nusu ya njia niliisukuma. Gia zake zote zipo, kwenye gazeti. Keria utanunua mwenyewe.