Mwongozo wa Mbuzi Anayeanza Kazi

Hongera. Umeacha kuwa komando, umeacha kuwa mshambuliaji wa timu ya Ulaya, umeacha kuwa shujaa anayekomboa himaya. Umeamua kuwa mbuzi. Wazazi wako si lazima wajue.

Gemu yenyewe ni Goat Simulator, na imetoka Uswidi, kwenye mji wa Skövde, kwa kampuni ya Coffee Stain Studios. Kabla ya hapo walikuwa watu wenye heshima zao: mwaka 2011 walitoa Sanctum, gemu ya kujenga minara na kulinda ngome, na mwaka 2013 wakaifuatishia Sanctum 2. Kisha, Januari 2014, wakajipa muda wa kuchezea mawazo, na katika kuchezea huko akazaliwa mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya. Wakaweka video yake YouTube kwa utani. Ndani ya siku chache ikawa imetazamwa zaidi ya mara milioni moja, na watazamaji wakaanza kudai wauziwe. Mbuzi akaingia sokoni tarehe 1 Aprili 2014, Siku ya Wajinga, na safari hii tangazo la siku hiyo likawa la kweli.

Soma tangazo lao la mauzo kabla hujalipa. Waliandika wenyewe kwamba hii ni gemu ya kijinga kabisa, na kwamba pesa yako ungeitumia vizuri zaidi kununua pete ya kuzungusha kiunoni, au rundo la matofali, au mchangishane na rafiki zako mnunue mbuzi wa kweli. Sisi tumezoea kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa wamelifungua gunia, wakamtoa mbuzi hadharani, wakakuonyesha kwamba meno yake ni mabovu, wakakusihi usimnunue. Watu wakapanga foleni.

Viungo vya kazi

Una pembe, una kwato za nyuma, una ulimi, una mlio. Ndio urithi wako wote. Pembe ni za kugonga: watu, baiskeli, uzio, meza ya sherehe. Kwato za nyuma ni za kurusha teke kwa aliyekuja kukusalimia. Mlio una kitufe chake peke yake, na mbuzi mgeni hukibonyeza mara nyingi kuliko vingine vyote. Hakuna anayemlaumu.

Ulimi ndio wa kusomea. Ukilamba kitu, kinanata, na tangu hapo mnakwenda pamoja kokote uendako. Unaweza kuondoka na shoka ulimini, au na baiskeli, au na bwana mmoja aliyekuwa amesimama zake akitazama barabara. Kwa hiyo jifunze adabu ya kazi: usimlambe mtu kabla hujajua unampeleka wapi. Utaona baadaye kwa nini.

Kuna pia kitufe cha kulegea. Ukikibonyeza, mifupa yote inaaga na mbuzi anaporomoka palepale, miguu kila mmoja na njia yake. Anayeanza hudhani ni kwa ajili ya kuchekesha tu. Mzoefu hulegea angani, akiwa ametoka kwenye trampolini, ili apate pointi za kuanguka vibaya.

Pointi ndizo zitakazokufanya ujione una kazi. Waundaji walifuata njia ya zile gemu za zamani za skeitibodi, ambako unafululiza mbinu bila kukatiza na hesabu inazidishwa. Tofauti ni kwamba mahali pa mbinu wameweka uharibifu. Piga kichwangomba, gonga gari, lamba mtu, kimbia ukutani, vunja dirisha, yote kwa mfululizo mmoja, na namba zitapanda mpaka uone aibu. Usiulize zinanunua nini.

Wala usiogope kufa, kwa sababu hakuna kufa. Lipuka, gongwa na lori, anguka kutoka juu ya kreni. Utanyanyuka na kuendelea. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hapa kamba haikufungwa kabisa, na ndiyo maana mchezaji aliyezoea kuambiwa nenda kule, ua huyu, rudi hapa, hukaa dakika tano za kwanza akisubiri amri. Amri haiji. Kuna orodha ndogo ya majukumu pembeni mwa skrini, lakini ukiipuuza hakuna atakayekusema.

Neno kuhusu kasoro. Siku moja utaona shingo yako imerefuka kama lastiki ya suruali, kichwa kimebaki sebuleni na mwili uko uani. Usiandike barua ya malalamiko. Kampuni ilitangaza mapema kwamba itarekebisha tu kasoro zinazozima gemu. Zile za kuchekesha zimeachwa kwa makusudi. Kampuni nyingine hutoa gemu iliyojaa kasoro, zikaomba radhi, zikaleta marekebisho makubwa kuliko gemu yenyewe. Hawa waliona gharama ya radhi, wakaamua kuziuza kasoro.

Nyara na mahali pa kuzitafuta

Utaanzia GoatVille, kitongoji chenye nyumba nadhifu, bustani, kituo cha mafuta na wakazi ambao hawajakukosea chochote. Humo zimefichwa sanamu 30 za dhahabu, kila moja ya mbuzi. Ziko juu ya mapaa, ndani ya nyumba za watu, kwenye sehemu ambazo mbuzi hana shughuli nazo. Zinang'aa na zinatoa mlio ukizikaribia, kwa hiyo tumia masikio. Ukiokota za kutosha, unafunguliwa mbuzi wengine. Nasema mbuzi kwa sababu gemu ndivyo inavyowaita: mbuzi mrefu ni twiga, mbuzi wa manyoya ni mbuni, na mbuzi mkubwa ni nyangumi. Nyangumi huyo anajivuta barabarani kwa tumbo na kuangusha kila kilichosimama. Kwa maoni yangu ndiye mbuzi bora kuliko wote.

Viumbe hao na nguvu nyingine za ziada, ambazo kwa lugha ya gemu ni myuteta, huchaguliwa kabla ya kuingia ramanini, na unaweza kurundika kadhaa kwa pamoja. Twiga mwenye injini ya roketi mgongoni anaruhusiwa. Nakuonya tu kwamba injini hiyo haina usukani wa maana. Ukishaiwasha, wewe ni abiria.

Sasa twende msituni. Kuna duara limechorwa chini, lenye nyota ya pembe tano katikati, na mishumaa. Sisi huku kwenye sherehe na matambiko tumezoea mbuzi ndiye anayeburutwa, naye hujua mapema na huanza kulia. Hapa mambo yamegeuzwa. Wewe ndiye unayemlamba jirani, unamburuta hadi kwenye duara, unamwacha hapo, unarudi kumchukua mwingine. Ukifikisha idadi inayotakiwa, mbingu inabadilika na unapewa nguvu za giza. Ndiyo sababu nilikwambia usilambe ovyo: wanadamu ni mali, na kutoka kitongojini hadi msituni ni mwendo.

Usikose kituo cha mafuta. Kilipue. Tuzo yake imepewa jina la Michael Bay, mwongozaji wa filamu wa Marekani ambaye kwenye kazi zake ni nadra kitu kubaki kizima. Kisha tafuta runinga yenye mchezo ndani ya mchezo, Flappy Goat, ambako mbuzi anapigapiga kupita kati ya vizuizi na unatakiwa kufikisha pointi 10. Ni mzaha juu ya Flappy Bird, gemu ya simu ambayo mtengenezaji wake wa Vietnam, Dong Nguyen, aliiondoa sokoni mwezi Februari 2014 ikiwa kwenye kilele cha umaarufu. Pointi hizo 10 zitakutoa jasho kuliko sanamu zote 30. Mbuzi asiyekufa popote pengine, humo anakufa kila sekunde tatu.

Na ukibahatika kuingia ofisi ya Coffee Stain Studios, ambayo wameijenga humohumo GoatVille, ingia kwa pembe. Si kila siku unapata fursa ya kupindua meza za waliokuuzia.

Aina za ubuzi

Ukiichoka GoatVille, kuna Goat City Bay, mji mkubwa zaidi ulioongezwa bure Juni 2014 pamoja na uwezo wa kugawa skrini ili mcheze hadi watu wanne. Hapo ndipo gemu inapokolea. Mbuzi mmoja akiharibu peke yake ni fujo. Mbuzi wanne kwenye kochi moja ni undugu unaojaribiwa.

Novemba 2014 ikaja nyongeza, Goat MMO Simulator, na kwenye kompyuta ilitolewa bure. Hii inajifanya ni gemu ya mtandaoni yenye maelfu ya wachezaji, kumbe umo peke yako: wachezaji wote unaowaona ni wa bandia, na ujumbe wao wa kugombana unatungwa na gemu. Unachagua taaluma yako, na mojawapo ni tanuri la maikrowevu lenye miguu. Mwezi uleule World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kweli, ilipandisha ukomo wake wa ngazi hadi 100. Mbuzi wakaweka 101. Hakuna sababu nyingine.

Nyongeza ya GoatZ, ya Mei 2015, ni ya mazombi. Ndani yake kuna namna mbili za kucheza: ya kawaida, na ya kunusurika, ambayo inakulazimisha kula kila baada ya dakika tano, kwa maelezo ya kampuni kwamba gemu za kisasa za kunusurika zinaamini huo ndio uhalisia. Kama umewahi kucheza gemu ambayo shujaa mwenye misuli anakaribia kufa njaa kati ya asubuhi na saa nne, utacheka. Kama hujacheza, chagua ya kawaida, kwa sababu mzaha huo ukiutoa, kinachobaki ni kazi ya kutafuta chakula.

PAYDAY ya 2016 ni ya ujambazi, yenye pomboo katika kiti cha magurudumu. Waste of Space ya mwaka huohuo inakupeleka angani. Zinunue zikishuka bei, si kabla.

Mwaka 2022, tarehe 17 Novemba, ikatoka Goat Simulator 3. Usihangaike kuitafuta ya pili, haipo, waliiruka. Hii ya tatu ina kisiwa kizima kiitwacho San Angora, inachezwa na watu wanne hata mtandaoni, na nguo za kumvisha mbuzi ni nyingi kupita kiasi. Ni gemu iliyotengenezwa vizuri, na hapo ndipo ninapokuwa na kinyongo nayo kidogo: mbuzi wa kwanza alichekesha kwa sababu alionekana ametoroka kwenye karakana kabla hajakamilika, huyu wa tatu anaonekana amefunzwa kutoroka.

Kwa hiyo anza na ya kwanza. Inashushwa bei mara kwa mara, na toleo la simu lipo tangu 2014 kwa asiye na kompyuta. Ukiwa na mwenzako kando na pedi ya pili, ingieni Goat City Bay moja kwa moja. Ukiwa peke yako, nenda msituni, na umchague jirani aliye karibu.